Msimbo, Nakala na Taarifa: Usomaji wa Kitafiti Baina ya Sayansi ya Kompyuta, Historia ya Ukokotoaji na Sayansi za Uhai

Ikisiri

Istilahi nyingi za biolojia ya molekuli zilizaliwa au kukuzwa katika sayansi ya kompyuta na ya mawasiliano, na baadhi ya istilahi za msingi za kompyuta ziliazimwa kwanza kutoka katika elimu ya viumbe. Makala haya yanafuatilia safari ya dhana tatu, yaani nakala, msimbo na taarifa, tangu miaka ya 1940, ili kuonesha kwamba anayezisoma katika taaluma moja peke yake huzielewa nusunusu. Yanashikilia kuwa usanifishaji wa istilahi za Kiswahili taaluma kwa taaluma huificha historia hiyo, na kwamba hasara yake haiishii katika isimu: inagusa namna nchi za Afrika Mashariki zinavyojadili umiliki wa data za jeni za viumbe vilivyomo katika ardhi yake. Mapendekezo manne yanatolewa mwishoni.

1.0 Utangulizi

Mtafiti wa lugha anayekabidhiwa kazi ya kusanifu istilahi za sayansi hukutana mapema na tatizo moja. Neno lililomo katika orodha ya wanabiolojia huonekana tena katika orodha ya wanakompyuta, likiwa na maana inayokaribiana lakini si ileile. Kamati ya kwanza hulipa kisawe kimoja, kamati ya pili hulipa kingine, na mwanafunzi anayesoma masomo yote mawili hudhani kuwa amekutana na dhana mbili zisizojuana. Wakati mwingine hutokea kinyume chake: kisawe kimoja hupachikwa kote, na tofauti ambayo wanasayansi wenyewe waliihangaikia kwa miaka mingi hufutika kwa kalamu ya mfasiri.

Makala haya yanadai kuwa tatizo hilo haliwezi kutatuliwa kwa kamusi peke yake. Linahitaji usomaji unaovuka mipaka ya taaluma tatu: sayansi ya kompyuta, historia ya ukokotoaji na sayansi za uhai. Usomaji wa namna hiyo ni kuyasoma maandishi asilia ya taaluma iliyokopesha dhana sambamba na ya taaluma iliyoikopa, kisha kuwasikiliza wanahistoria waliouchunguza mkopo wenyewe, wakiwamo Evelyn Fox Keller (1995), Lily Kay (2000), Joseph November (2012) na Hallam Stevens (2013). Mbinu iliyotumika hapa ni uchambuzi wa matini, na mifano ya lugha imetolewa katika Kiswahili sanifu.

2.0 Deni la Pande Mbili

Husemwa mara nyingi kwamba biolojia iliiga kompyuta. Mfuatano wa matukio unaonesha kuwa kompyuta ndiyo iliyotangulia kukopa. Mwaka 1943 Warren McCulloch na Walter Pitts walichapisha makala yaliyoichukulia seli ya neva kuwa kifaa cha kimantiki chenye hali mbili tu, ya kuwaka na ya kuzima. Miaka miwili baadaye, Juni 1945, John von Neumann aliandika rasimu ya kwanza ya muundo wa kompyuta ya EDVAC. Katika rasimu hiyo sehemu za mashine ziliitwa viungo, zikalinganishwa na neva za mwili, na mahali pa kuhifadhia tarakimu pakaitwa kumbukumbu. Makala ya McCulloch na Pitts yalitajwa humo kwa jina. Kwa hiyo, tunaposema leo kuwa kompyuta ina kumbukumbu, tunatumia sitiari ya mwili wa kiumbe ambayo imekwisha kusahaulika kuwa ni sitiari.

Claude Shannon naye alipita katika jenetiki kabla hajaifikia nadharia iliyompa umaarufu. Baada ya tasnifu yake ya umahiri ya mwaka 1937, iliyoonesha kuwa saketi za swichi zinaweza kuelezwa kwa aljebra ya George Boole, aliandika tasnifu ya uzamivu katika Chuo cha MIT mwaka 1940 kuhusu aljebra ya jenetiki. Kazi hiyo haikuchapishwa wakati ule na haikuwafikia wanajenetiki ambao ingewafaa. Ilitoka katika mkusanyiko wa maandishi yake mwaka 1993. Huu ni mfano wa wazi wa gharama ya ukuta baina ya taaluma: kazi ilikuwapo, lakini wasomaji wake hawakujua waitafute wapi. Alan Turing alifuata njia hiyohiyo kwa upande mwingine. Aliyeweka msingi wa nadharia ya ukokotoaji mwaka 1936 alichapisha mwaka 1952 makala kuhusu namna kemikali zinazosambaa na kutendana ndani ya kiinitete zinavyoweza kuzaa mistari na madoa, na alitumia kompyuta ya Chuo Kikuu cha Manchester kufanya baadhi ya hesabu zake.

Mkopo unaojulikana zaidi na umma ni wa kirusi. Fred Cohen alipoeleza mwaka 1984 programu inayojinakili ndani ya programu nyingine, alitumia jina lililopendekezwa na Leonard Adleman kutoka katika elimu ya maradhi. Kiswahili kilikuwa tayari kimelipokea neno virusi, kikaliweka katika ngeli ya KI-VI na kulizalishia umoja, kirusi. Jina hilo likavuka hadi katika kompyuta bila kubadilishwa, na msomaji wa kawaida hupata uhusiano wa dhana hizo mbili papo hapo. Tutaona kuwa si mikopo yote iliyopata bahati hiyo.

3.0 Nakala: Kunakili, Kunukuu na Kutafsiri

Mnamo Septemba 1948, katika kongamano lililofanyika Pasadena, California, von Neumann aliuliza swali lililoonekana la kifalsafa: je, mashine inaweza kujenga mashine nyingine inayofanana nayo kikamilifu? Ugumu wake ni huu. Ili mashine ijijenge, inahitaji maelezo yake yenyewe. Maelezo hayo ni sehemu ya mashine, kwa hiyo yanapaswa kuelezwa pia. Na maelezo ya maelezo nayo yaelezwe, bila kikomo.

Suluhisho lake lilikuwa kuyatumia maelezo yaleyale kwa namna mbili. Kwanza, husomwa kama maagizo, na kwa kuyatii mashine mpya hujengwa. Pili, hunakiliwa alama kwa alama bila kusomwa, na nakala hiyo huwekwa ndani ya mashine mpya. Kinachokata mnyororo usio na mwisho ni hiyo nakala isiyosomwa.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1953, James Watson na Francis Crick walitangaza muundo wa DNA, wakitegemea ujenzi wa vielelezo na ushahidi wa picha za miali ya eksi, zikiwamo za maabara alimofanya kazi Rosalind Franklin. Hawakuongozwa na hoja ya von Neumann. Hata hivyo, utafiti wa miaka iliyofuata ulionesha kuwa seli hufanya mambo hayo mawili. DNA hunakiliwa nzima kabla ya seli kugawanyika, pasipo maudhui yake kutekelezwa. Na kwa njia nyingine kabisa, sehemu zake hugeuzwa kuwa RNA ambayo hutumika kuunda protini.

Hapa ndipo mfasiri anapohitaji umakini. Wanabiolojia wanatofautisha michakato mitatu. Neno kunakili likitumika kwa yote, kama inavyotokea katika baadhi ya matini za kufundishia, hoja nzima hupotea. Kiswahili kina maneno ya kutosha. Mchakato wa kwanza, wa kutoa nakala ya DNA kutoka DNA, unafaa kuitwa urudufishaji. Wa pili, wa kutoa RNA kutoka DNA, unafaa kuitwa unukuzi, kwa sababu wanaisimu tayari hutumia neno hilo kwa kuhamisha usemi kutoka chombo kimoja hadi kingine bila kubadili lugha, kama katika unukuzi wa kifonetiki. RNA hutumia takriban alfabeti ileile ya DNA, herufi moja tu ikibadilika. Wa tatu ni tafsiri kwa maana yake kamili: kutoka katika mfumo wa herufi nne za RNA kwenda katika mfumo wa asidi amino ishirini za protini. Istilahi hizi tatu zikipangwa pamoja, mwanafunzi huona ngazi za mchakato kwa kusikia majina tu.

4.0 Msimbo: Uzuri wa Hoja na Ukweli wa Maabara

Erwin Schrödinger, katika mihadhara aliyoitoa Dublin mwaka 1943 na kuichapisha mwaka 1944, alipendekeza kuwa kromosomu zina aina ya maandishi ya msimbo yanayoongoza ukuaji wa kiumbe. Watson na Crick walilitumia neno hilo katika makala yao ya pili ya tarehe 30 Mei 1953. Mwaka uliofuata mwanafizikia George Gamow aliligeuza kuwa tatizo la hesabu. DNA ina besi nne. Protini zina asidi amino ishirini. Besi zikichukuliwa mbilimbili, hupatikana michanganyiko 16, ambayo haitoshi. Zikichukuliwa tatutatu, hupatikana 64, ambayo inazidi. Je, 64 hufikaje 20? Gamow alishirikiana pia na Nicholas Metropolis, na kompyuta ya MANIAC ya Los Alamos, iliyojengwa katika mazingira ya utafiti wa silaha za nyuklia, ikatumika kuchunguza takwimu za minyororo ya protini.

Jibu lililopendeza kuliko yote lilitolewa mwaka 1957 na Crick, John Griffith na Leslie Orgel. Chukulia maandishi yasiyo na nafasi wala mkato kati ya maneno. Ili yasisomwe vibaya, maneno yachaguliwe kwa namna ambayo ukianzia mahali pasipostahili hupati neno lolote halali. Kwa sharti hilo, utatu wa herufi moja, kama UUU, hauruhusiwi, kwa sababu ukirudiwa hauoneshi mwanzo wake. Tunaondoa minne kama hiyo, tunabaki na 60. Iliyobaki hujipanga katika makundi ya mitatumitatu inayozungukana, kama ACG, CGA na GAC, na kila kundi linaweza kutoa neno moja tu. Sitini kwa tatu ni ishirini. Hesabu ilifikia idadi iliyotakiwa barabara, na wanahisabati wakaanza kuuchunguza msimbo wa aina hiyo kwa manufaa ya mawasiliano.

Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei waliweka RNA yenye herufi U pekee katika mchanganyiko wa seli zilizosagwa, wakapata protini yenye asidi amino moja tu, fenilalanini. UUU, utatu ambao nadharia iliukataza, ulikuwa neno halali. Kufikia mwaka 1966 jedwali zima lilikuwa limekamilika: tatu kati ya 64 ni alama za kukomesha, na 61 zilizobaki zinagawanywa bila ulinganifu kwa asidi amino ishirini. Methali husema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Dhana ya msimbo iliwapa wanabiolojia swali zuri, lakini jibu lilitoka katika bomba la maabara.

Historia hii inatupa fasili. Msimbo wa jeni ni jedwali la ulinganisho baina ya utatu wa besi na asidi amino, na jedwali hilo ni lilelile kwa karibu viumbe vyote, kuanzia bakteria hadi binadamu. Kinachotofautiana baina ya viumbe ni mfuatano wa besi. Kwa hiyo, kusema kwamba msimbo wa jeni wa ng'ombe fulani au wa jamii fulani ya watu umesomwa ni kosa la dhana. Kilichosomwa ni mfuatano. Lugha zilizolikopa neno la Kilatini kwa umbo lake zimekwama katika utata huu, kwa kuwa neno hilohilo hutaja pia mkusanyo wa sheria, maandishi ya siri na matini ya programu. Kiswahili hakikuweza kulikopa kwa urahisi kwa sababu umbo la kodi lina maana nyingine inayojulikana na kila mpangaji na mlipa ushuru. Kizuizi hicho kilitulazimisha kutumia msimbo, na kinatupa nafasi ya kulitumia kwa usahihi tangu mwanzo.

Tahadhari hiyohiyo inahitajika kwa programu ya jeni, dhana iliyoenea baada ya mwaka 1961, pale François Jacob na Jacques Monod kwa upande mmoja, na Ernst Mayr kwa upande mwingine, walipolitumia neno programu katika maandishi yao. Katika kompyuta, programu na kichakataji ni vitu viwili vinavyoweza kutenganishwa. Katika seli, protini zinazoisoma DNA zimetokana na DNA hiyohiyo. Keller ameonesha jinsi sitiari hii ilivyowaelekeza watafiti kuiona jeni kama mtawala na seli kama mtumishi. Shannon mwenyewe alionya mwaka 1956 dhidi ya kuipeleka nadharia yake katika kila taaluma kwa sababu tu istilahi zake zinavutia.

5.0 Umbali wa Mifuatano: Mahali ambapo Lugha Imo Ndani

Upo uwanja mmoja ambamo isimu si mtazamaji. Margaret Dayhoff, mwanakemia aliyejifunza kutumia kompyuta mapema, alitoa mwaka 1965 atlasi ya mifuatano ya protini iliyojulikana hadi wakati huo, na ili kuokoa nafasi ya kuhifadhia data alizipa asidi amino majina ya herufi mojamoja ambayo hutumika hadi leo. Mwaka huohuo, katika Umoja wa Kisovieti, Vladimir Levenshtein alichapisha makala kuhusu misimbo inayosahihisha makosa, akifafanua umbali baina ya mifuatano miwili kuwa idadi ndogo kabisa ya mabadiliko yanayohitajika kuigeuza mmoja kuwa mwingine. Mwaka 1970 Saul Needleman na Christian Wunsch walitoa mbinu ya kulinganisha protini iliyofanana nayo kimsingi. Mwaka 1983 David Sankoff na Joseph Kruskal walihariri kitabu kilichokusanya matumizi ya wazo hilo katika biolojia, uchambuzi wa usemi na nyuga nyingine.

Mfano wa Kiswahili unaonesha nguvu na mpaka wa kipimo hiki. Kitabu na vitabu vina umbali wa 1, na ni leksimu moja. Kiti na kitu pia vina umbali wa 1, lakini havihusiani. Jino na meno vina umbali wa 2, na ni leksimu moja. Kipimo kinachohesabu mabadiliko yote kuwa sawa hakiwezi kutofautisha hali hizi, kwa kuwa hakijui ngeli. Wanabiolojia walikutana na shida iyo hiyo, na mwaka 1978 Dayhoff na wenzake walitoa majedwali yanayopima kila badiliko kwa uzito wake, kulingana na mara ambazo asidi amino moja huonekana kuchukua nafasi ya nyingine katika protini zenye nasaba moja. Watengenezaji wa visahihishi vya tahajia na vitafutio vya Kiswahili wana la kujifunza hapa: badiliko la k kuwa v mwanzoni mwa nomino linastahili uzito mdogo kuliko badiliko la i kuwa u mwishoni. Somo hilo halimo katika vitabu vya isimu wala vya kompyuta peke yake.

6.0 Taarifa au Rasilimali: Suala la Sera

Katika nadharia ya Shannon ya mwaka 1948, kiasi cha taarifa hupimwa bila kujali maana ya ujumbe. Sentensi ya busara na sentensi ya upuuzi zinaweza kuwa na kiasi kilekile. Biolojia iliposema kuwa jeni zina taarifa, mara ilikusudia kipimo hicho, mara ilikusudia maana ya kawaida ya jambo linaloarifu na kuelekeza. Kiswahili kina habari, taarifa, data na ujumbe, na hadi sasa maneno haya hubadilishana nafasi katika nyaraka za umma bila kanuni.

Uzembe huo una gharama. Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inahusu kugawana kwa haki manufaa ya rasilimali za jeni. Ilijengwa juu ya picha ya kitu kinachoshikika: mbegu, damu, udongo, mmea. Mfuatano uliokwisha kusomwa, hata hivyo, husafiri kama data. Hifadhi za mifuatano kama GenBank, iliyoanzishwa mwaka 1982 kutokana na kazi iliyofanyika Los Alamos, ziko wazi kwa kila mwenye intaneti. Mtafiti hahitaji tena kuvuka mpaka wala kuomba kibali cha kuchukua sampuli. Je, alichopakua ni rasilimali ya nchi ilikotoka, au ni taarifa isiyo na mwenyewe? Ubishi huo uliendelea kwa miaka mingi chini ya Mkataba wa Bayoanuwai. Desemba 2022, jijini Montreal, nchi wanachama zilikubaliana kuwa na utaratibu wa kimataifa wa kugawana manufaa ya mifuatano ya kidijitali, na mwaka 2024, jijini Cali, zikakubaliana kuhusu mfuko wa kuutekeleza.

Kwetu jambo hili si la kinadharia. Mwaka 2005 ulichapishwa mfuatano wa jenomu ya Theileria parva, kimelea kinachosababisha ndigana kali kwa ng'ombe wa Afrika Mashariki, kwa ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa mifugo ya ILRI yenye makao Nairobi na taasisi ya TIGR ya Marekani. Jenomu hiyo ina besi zipatazo milioni 8.3 katika kromosomu nne, na aina iliyosomwa inaitwa Muguga, jina la mahali nchini Kenya. Uwazi wa data hizo umewanufaisha watafiti wa chanjo, wakiwamo wa ukanda huu, na hakuna sababu ya kuujutia. Lakini mfano huu unaonesha hali halisi: kimelea ni cha hapa, ugonjwa ni wa hapa, jina ni la hapa, na mfuatano uko kila mahali. Mjumbe anayekwenda kwenye majadiliano na rasimu ya Kiswahili inayoita kitu hicho taarifa katika ibara moja, msimbo katika ibara nyingine na rasilimali katika ya tatu, amekwisha kudhoofisha hoja yake kabla hajaketi.

7.0 Mapendekezo

Kwanza, kamati za istilahi zisikutane kwa taaluma mojamoja pale dhana inapomilikiwa na taaluma zaidi ya moja. Orodha ya dhana za pamoja, kama vile msimbo, taarifa, kumbukumbu, mtandao na programu, ijadiliwe na wanabiolojia, wanakompyuta na wanaisimu wakiwa meza moja. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, iliyo Zanzibar, ina nafasi nzuri ya kuratibu kazi hiyo pamoja na mabaraza ya kitaifa.

Pili, kila kidahizo cha istilahi iliyoazimwa kiambatane na maelezo mafupi ya historia yake: ilitoka taaluma gani, lini, na ilibadilika vipi. Mistari miwili inatosha.

Tatu, nyaraka za sera zitofautishe data (alama zilizorekodiwa), mfuatano (mpangilio wa besi au asidi amino), msimbo (jedwali la ulinganisho) na taarifa (kinachofahamika kutokana na hayo). Neno rasilimali libaki kuwa la kisheria, na upeo wake utajwe wazi katika kila sheria.

Nne, programu za uzamili na uzamivu za Kiswahili ziwe na semina ya kusoma maandishi asilia ya sayansi. Mfasiri aliyesoma makala ya Nirenberg hawezi kuchanganya msimbo na mfuatano.

8.0 Hitimisho

Dhana za nakala, msimbo na taarifa zimevuka mara kadhaa kati ya kiumbe na mashine, na kila zilipovuka ziliacha kitu na kuchukua kingine. Uvukaji huo haujakoma. Mwaka 1994 Adleman alitumia molekuli za DNA kutatua fumbo la njia katika mtandao wa vituo saba. Na Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2024 ilikwenda kwa David Baker kwa usanifu wa protini kwa kompyuta, na kwa Demis Hassabis na John Jumper kwa mfumo wa akili unde unaobashiri maumbo ya protini, mfumo wenye mitandao ya neva ambayo asili yake ni makala yale ya mwaka 1943. Istilahi za mambo hayo zitaingia katika Kiswahili tupende tusipende. Lililo mikononi mwetu ni kuamua kama zitaingia na historia yake au bila historia hiyo, na uamuzi huo unapaswa kufanywa kabla rasimu za sheria hazijaandikwa.